Kabla Hujauliza Bei ya Paneli, Isome Kwanza Luku Yako

Shemeji yangu wa Kigamboni alinunua sola mwishoni mwa 2023, mgao ulipokuwa umepamba moto na kila mtaa unanguruma jenereta. Alichukua paneli 4 zilizoandikwa wati 300 kila moja, betri 2 za Ah 100 (Ah ni kipimo cha ujazo wa betri), inveta "ya kilo tatu", na fundi akaongezewa juu ya mzigo kama nyongeza ya nyanya sokoni. Hesabu alipiga mwenyewe: 4 mara 300 ni 1,200, pasi yake nayo ni 1,200, basi kazi imekwisha. Jumapili usiku mkewe akaanza kunyoosha sare za watoto. Shati la nne halikuisha. Inveta ikalia kama kifaranga aliyepotelewa na mama, nyumba ikawa giza.

"Shem, wamenipiga," akaniambia kwenye simu.

Alikuwa amepigwa kweli, na tulivyogundua nitaeleza mbele. Ila hata paneli zile zingekuwa halisi, pasi ile ingemlaza gizani vilevile. Usiku paneli hazitoi kitu. Alichokuwa akikitumia ni betri, na betri hakuwa ameipigia hesabu kabisa. Tangu Bwawa la Nyerere lianze kuzalisha Februari 2024 neno mgao limepungua midomoni mwa watu, lakini nguzo bado zinaanguka, transfoma bado zinaungua, na watu bado wananunua sola kwa hesabu ile ile ya shemeji.

Wati na uniti ni vitu viwili

Mkanganyiko wote unaanzia hapa, kwa hiyo twende taratibu. Chukua bomba la uani. Ukilifungua kidogo maji yanatiririka polepole, ukilifungua lote yanapiga ndoo kwa nguvu. Kasi hiyo ndiyo wati. Idadi ya ndoo ulizojaza mpaka jioni ndiyo uniti, zile zile unazonunua kwa Luku. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Pasi ya wati 1,200 kwa nusu saa inakula uniti 0.6. Feni ya wati 60 ni mnyonge, lakini ikizunguka kwa saa 8 usiku kucha inakula karibu nusu uniti. Feni 3 za vyumbani zinaipita pasi mara mbili na zaidi, wala hakuna anayezilalamikia.

Sasa mfumo mzima wa sola. Anayevuna maji ya mvua ataufahamu mara moja. Paneli ni paa: ukubwa wake unaamua unakinga maji kiasi gani, na mvua isiponyesha, yaani jua likizama, halikingi kitu. Kontrola ni ule mfereji wa bati unaopeleka maji kwenye tenki bila kumwaga wala kufurisha. Betri ni tenki. Inveta ni pampu inayotoa maji ya tenki na kuyaleta bafuni kwa presha uliyoizoea, yaani inageuza umeme wa betri kuwa wa volti 230 wa soketi zako. Paa likiwa kubwa na tenki dogo, maji yanamwagika mchana na usiku unalala na kiu. Tenki likiwa kubwa na paa dogo, halijai kamwe, na betri ya sola isiyojaa inakufa mapema.

Ndiyo maana mtu akikuambia ana "sola ya kilowati tano" hajakuambia kitu bado. Tano za paneli? Za inveta? Au uniti tano za betri? Wauzaji wengi hutaja ile iliyo kubwa kuliko zote, na mara nyingi huwa ni ya inveta.

Hesabu inayofanyika kwenye risiti za Luku

Huhitaji mtaalamu kujua nyumba yako inakula kiasi gani. Chukua fedha unazonunulia Luku kwa mwezi. Kwa wateja wengi wa majumbani wa TANESCO tunaonunua kwa bei ya kawaida, uniti moja pamoja na kodi na tozo imekuwa ikitoka takribani shilingi 356. Anayetumia 50,000 kwa mwezi anapata uniti kama 140, sawa na 4.7 kwa siku.

Hebu tuone zinakwenda wapi. Taa 8 za LED za wati 9 kwa saa 5: uniti 0.36. TV ya wati 80 kwa saa 6: 0.48. Feni zile 3: 1.44. Friji la kawaida linazunguka kwenye uniti 1 kwa siku. Ruta ya intaneti isiyozimwa, 0.24. Simu hazifiki hata 0.1. Pasi nusu saa, 0.6. Pampu ya kupandisha maji, wati 750 kwa dakika 40, 0.5. Jumla 4.7. Nyumba ya namna hiyo ndiyo tuitumie kama mfano.

Paneli ngapi? Jua la kwetu, ukiyabana masaa yote ya asubuhi hafifu na jioni hafifu kuwa masaa ya jua kali tupu, ni kama saa 5 kwa siku. Masika ya pwani yanaweza kushuka hadi 4. Halafu toa zaidi ya robo inayopotea njiani: vumbi, nyaya, inveta, na joto. Kwa nyumba yetu, paneli 3 za wati 550 zinatosha hata Aprili ikinuna. Paneli 2 zisingetosha hata siku za saa 5 za jua, na mvua zikianza zingekuangusha kabisa.

Kwenye betri ndipo fedha inapoishia. Usiku, bila pasi na pampu, nyumba hii inakula kama uniti 3. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 200 imebeba uniti 2.4 (12 mara 200, gawanya kwa 1,000), lakini ukizichota zote unaiua. Ichote nusu, yaani 1.2. Utahitaji 3, na kwa kuwa kwenye mifumo ya namna hii hufungwa kwa jozi, utanunua 4. Betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na Ah 100 imebeba uniti 5.1, na unaweza kuchota sehemu kubwa yake kila siku kwa miaka mingi. Bei yake inaumiza siku ya kununua. Ya asidi inaumiza polepole, kila baada ya miaka michache. Kwa anayeishi na sola kila siku, mimi naona lithiamu; kwa anayetaka tu taa na TV pale umeme unapokatika mara moja kwa wiki, asidi inatosha. Betri ya gari usiiguse. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, haikuundwa kunywewa taratibu usiku kucha.

Inveta nayo ina mtego wake. Angalia kama imeandikwa KVA au kW (kilowati). Inveta ya KVA 3 mara nyingi inabeba wati 2,400 tu. Pia friji na pampu, vyote vyenye mota, huvuta mara kadhaa ya wati zake pale vinapoanza kuzunguka, kwa sekunde moja au mbili. Pampu ya wati 750 inaweza kudai zaidi ya 2,000 papo hapo. Na inveta za bei ya kutupa zisizotoa wimbi laini la umeme utazisikia kwa masikio: feni inanguruma, mota ya friji inachemka. Hizo ni za taa.

Je, inalipa?

Swali hili huulizwa mwisho na lilipaswa kuwa la kwanza. Kama Luku yako ni 50,000 kwa mwezi, hiyo ni 600,000 kwa mwaka. Tuseme umetajiwa mfumo wa milioni 6. Hata ukiachana na TANESCO kabisa, fedha yako inarudi baada ya miaka 10, na kama ulinunua betri za asidi, ndani ya miaka hiyo utakuwa umeshazibadilisha zaidi ya mara moja. Na wewe uliye kwenye kundi la watumiaji wadogo, unayepata uniti 75 kwa 9,150? Usidanganywe na mtu kwamba sola itakuokolea fedha. Haitakuokolea.

Sisemi usinunue. Mwenye saluni, mwenye duka la samaki wa barafu, mama anayeuza juisi, mtu wa kazi za mtandaoni, au nyumba ambayo nguzo ya mwisho iko kilomita mbili nyuma yake, hao hesabu zao ni nyingine. Aliyekuwa akijaza petroli kwenye jenereta ndiye anayeona faida haraka kuliko wote. Wengine tunanunua usingizi na feni inayozunguka, na hicho ni kitu halali kununua, mradi ujue ndicho unachonunua.

Futi ya fundi ujenzi

Turudi Kigamboni. Tulipanda juu ya bati na futi ya kupimia, ile ya njano ya kuvuta. Paneli moja: urefu sentimita 120, upana 54. Jua kali la adhuhuri linamwaga takribani wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri zinazouzwa leo hukamata asilimia 20 hadi 23 ya hizo, yaani wati 200 hadi 230 kwa mita ya mraba. Paneli ya shemeji ilikuwa mita za mraba 0.65. Hata ingekuwa ya asilimia 23 isingefika wati 150. Nyuma yake imeandikwa 300, kwa herufi nzito, na bendera ya Ujerumani pembeni.

Futi ile ni kipimo ambacho muuzaji hawezi kubishana nacho. Paneli halisi ya wati 550 ni kubwa kama mlango: urefu mita 2.28 hivi, upana 1.13, uzito kilo 27 au 28, na zenye kioo pande zote mbili huzidi kilo 30. Ukiona mtu kaibeba kwapani, muage. Linganisha pia serial namba iliyo ndani ya kioo na ile ya kwenye karatasi ya nyuma. Zisipofanana, karatasi imebandikwa mahali pengine.

Habari ya Mjerumani iishe. Zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji wa paneli duniani unafanyika China, zikiwemo nyingi nzuri sana. Bendera haikuambii kitu. Kinachokuambia ni jina la kampuni yenye waranti inayosomeka. Waranti zenyewe ziko mbili na huchanganywa makusudi: ya kitu chenyewe kutoharibika, mara nyingi miaka 10 au 12, na ya kwamba baada ya miaka 25 bado itatoa zaidi ya asilimia 80 ya nguvu zake. Muuzaji anayesema "ina waranti ya miaka 25" anataja hiyo ya pili.

Mengine yanayosemwa mtaani nayapitia haraka. Eti sola inafanya kazi kwa joto: hapana, ni mwanga, na joto ni adui. Namba ya kwenye paneli hupimwa maabara, seli (vile vipande vya ndani ya kioo vinavyogeuza mwanga kuwa umeme) zikiwa nyuzi 25. Juu ya bati la Dar saa saba mchana seli hufika 60 na kuendelea, na unaweza kupoteza zaidi ya kumi kwa mia. Ndiyo maana fundi mzuri huacha nafasi ya kiganja kati ya paneli na bati, hewa ipite. Eti mawingu yakitanda hakuna kitu: kipo, ila kidogo. Eti lazima paneli zitazame mashariki "jua linapotoka": kusini mwa ikweta tunaelekeza kaskazini, lakini kwa sisi tulio karibu na ikweta mwelekeo si jambo la kukosa usingizi. Kivuli ndicho cha kukosa usingizi. Tawi la mwembe au kivuli cha simtanki kikigusa kona ya paneli moja kwa saa tatu, unaweza kupoteza zaidi ya ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa sababu seli zimeunganishwa kama shanga kwenye uzi mmoja.

Moja linahitaji maelezo zaidi, maana limewaumiza wenye fedha zao. Kuna inveta zinazounganishwa na gridi bila betri. Wengi hudhani umeme wa TANESCO ukikatika mchana, jua litaendelea kuwasha nyumba. Inveta hizo hujizima zenyewe umeme unapokatika, na zimeundwa hivyo makusudi: fundi wa TANESCO akiwa juu ya nguzo akiamini laini imekufa, umeme wako usimkute. Ukitaka nuru wakati wa kukatika, lazima betri, na inveta ya aina inayoweza kusimama peke yake.

Mtu atakayepanda juu ya paa lako

Kama fedha yako inatosha kuwa makini kwenye jambo moja tu, iwe hili. Paneli ya wastani iliyofungwa vizuri itakutumikia miaka 20. Paneli bora duniani iliyofungwa na mtu wa kubahatisha inaweza kuunguza nyumba.

Sababu ni aina ya umeme. Umeme wa TANESCO hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ikiruka kwenye swichi huwa inapata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli unatiririka upande mmoja bila kupumzika, na cheche yake ikishika haitaki kuachia. Sakiti breka ya kawaida ya nyumbani ikiwekwa upande wa paneli inaweza kuyeyuka badala ya kukata. Vivyo hivyo nyaya za kawaida za ndani ya nyumba zikianikwa juani: ganda linapasuka baada ya misimu michache. Kuna waya wa sola, na viungio vyake vya kubonyeza mpaka vilie "ta". Fundi anayesokota waya na kuzungushia solotepu juu ya bati, mteremshe.

Fundi wa kweli utamjua kabla hajataja bei. Atataka kuja nyumbani. Atauliza una nini na unakiwasha saa ngapi, atapanda kugonga kenchi kama zinabeba au zimeliwa na mchwa, ataangalia mti wa jirani unaelekea kukua wapi. Muulize swali hili moja: "Paneli zikishaunganishwa zitafika volti ngapi, na inveta hii mwisho wake ni ngapi?" Paneli ya wati 550 ina karibu volti 50 ikiwa haijabebeshwa kitu. Ukizifunga 3 kwa mstari ni karibu 150, na inveta nyingi ndogo mwisho wake ni 145 au 150. Volti hupanda paneli inapopoa, kwa hiyo asubuhi ya baridi ya Njombe mfumo uliokuwa mzima jana unakata roho saa moja na nusu. Anayejua kazi atakujibu kwa namba. Asiyejua atakuambia "bosi, ondoa shaka".

Muulize pia umeme wa inveta na wa TANESCO vinatenganishwaje. Lazima kuwe na swichi ya kubadilisha inayohakikisha viwili hivyo havikutani kamwe. Na ethi: fremu za paneli zifungwe kwenye fimbo iliyozikwa ardhini, hasa kwa watu wa Kanda ya Ziwa wanaojua radi inavyopiga. Kwa wa pwani, uliza vyuma vya kushikilia paneli ni vya nini. Chumvi ya bahari haina huruma na chuma cha kupaka rangi. Alumini ndiyo inayostahimili.

Leseni si mapambo. Tanzania, wafungaji wa umeme hupewa leseni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja. Iombe, isome, uhakikishe jina na tarehe. Kenya, kanuni za sola za 2012 ziliwagawa mafundi kuwa T1, T2 na T3, na wa mifumo mikubwa ya inveta ni T3. Fundi wa T1 ameruhusiwa vile vimfumo vya betri moja na taa chache, hata kama mkono wake ni mwepesi.

Bei ije kwa maandishi, kila kitu na jina lake, modeli yake na idadi yake. "Betri lithiamu moja" si maandishi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, uipate, kwa sababu bila risiti hakuna waranti. Kisha uliza jambo ambalo watu huona aibu kuliuliza: inveta ikifa mwezi wa nane, nani anaishusha, nani anaipeleka Dar, na nyumba inakaa na nini wakati ikisubiriwa? Aliye Kahama ana haki ya kuuliza hili mara mbili. Omba upelekwe kwa mteja mmoja aliyefungiwa angalau masika mawili yaliyopita. Nenda fundi asiwepo. Angalia dari chini ya paneli kama lina madoa ya maji, maana matundu ya bati yasiyowekewa mpira ndipo yanapojieleza.

Malipo gawanya. Sehemu ya vifaa vikifika na ukishavipima, sehemu kazi ikiisha, na asilimia 10 au 20 ibaki mkononi mwako mpaka wiki ipite.

Shemeji safari ya pili alifanya hivyo. Siku ya makabidhiano fundi alishika kalamu asainiwe, shemeji akamwambia ngoja kwanza. Ilikuwa saa mbili usiku. Akazima swichi kubwa ya TANESCO, akawasha friji, feni zote, TV, kisha akafungulia pampu. Taa zikapepesa mara moja, zikatulia. Tukakaa sebuleni tukiangalia taarifa ya habari mpaka mwisho, fundi naye akaletewa chai. Ilipofika saa tatu na nusu betri ilisoma asilimia 83. Akasaini, ila ile asilimia 15 akaibakisha mpaka Jumamosi iliyofuata. Pasi siku hizi wanapiga saa sita mchana.